Tochi Ipi? Somo la Mwanga, Umbali na Betri

Katika usiku wa giza totoro, mtu aliye njiani ana haja mbili: kuona anapokanyaga, na kutambua kilicho mbele yake. Haja hizi hazitimizwi na mwanga wa namna moja. Nyoka aliyelala njiani yu hatua mbili tu kutoka mguuni. Anayekuja kwa mbali huenda yu mita mia moja. Hata hivyo, wanunuzi wengi huchagua tochi kwa kutazama tarakimu moja tu iliyoandikwa kwenye boksi, nayo ni ile iliyo kubwa kuliko zote. Makala haya yaonyesha jinsi elimu ya fizikia ya shule ya sekondari inavyoweza kumsaidia mtu kuchagua tochi kwa hesabu, wala si kwa kubahatisha.

Asili ya tochi

Tochi ya umeme, ambayo pia huitwa kurunzi, haikuweza kubuniwa kabla ya kupatikana kwa betri kavu. Mnamo mwaka 1886 Carl Gassner wa Ujerumani alipata hataza ya betri isiyomwagika hata ikipinduliwa. Mwaka 1899 David Misell alipewa hataza nchini Marekani ya taa ya mkononi yenye betri ndani ya bomba, balbu na kiakisi mbele yake. Betri za siku zile zilikuwa dhaifu, hivyo taa iliwashwa kwa muda mfupi tu, kisha ikaachwa ipumzike.

Balbu ya waya hutoa mwanga kwa kuwa waya wake umepata joto kali. Sehemu kubwa ya nishati hupotea kama joto. Kwa kila wati moja hupatikana kiasi cha lumeni 10 hadi 15. Leo tochi nyingi hutumia diodi itoayo mwanga, ambayo madukani huitwa LED. Diodi nyeupe kwa kawaida ni diodi ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga wa buluu kuwa wa manjano. Rangi hizo zikichanganyika, jicho huona weupe. Kwa kubuni diodi bora ya buluu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Diodi za siku hizi huweza kutoa lumeni 100 na zaidi kwa kila wati.

Lumeni na kandela

Lumeni hupima jumla ya mwanga wote unaotoka katika taa. Kandela hupima ukali wa mwanga katika upande mmoja. Tofauti ya vipimo hivi hufanana na ile ya maji ya bomba: ndoo hujaa kwa muda ule ule, maji yatoke kwa kutawanyika au kwa mchirizi mmoja, lakini mchirizi ndio ufikao mbali.

Kazi ya kiakisi kilichobonyea, au ya lenzi, ni kuikusanya miale iende upande mmoja. Kwa hiyo tochi yenye lumeni chache iliyo na kiakisi kipana yaweza kumulika mbali kuliko tochi yenye lumeni nyingi zilizotawanywa.

Mwangaza unaofika juu ya kitu hupungua kwa mraba wa umbali. Kanuni ni hii:

mwangaza (luksi) = ukali (kandela) ÷ (umbali × umbali) (umbali kwa mita)

Tochi ya kandela 2,500 hutoa luksi 25 kwenye umbali wa mita 10, lakini kwenye mita 20 hutoa luksi 6.25 tu. Umbali umezidi mara mbili, mwangaza umepungua mara nne.

Kipimo cha FL 1, kilichotolewa Marekani mwaka 2009 na kutumiwa na watengenezaji wengi, huhesabu kuwa mwisho wa mmuliko ni pale mwangaza unapofikia luksi 0.25, yaani karibu sawa na mwanga wa mwezi mpevu. Kutokana na kanuni ya juu, umbali huo ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha kandela. Kandela 2,500 hufika mita 100. Ili kufika mita 200 zahitajiwa kandela 10,000. Ni dhahiri basi kwamba anayetaka kuzidisha umbali mara mbili hulipia ukali mara nne. Yafaa pia ikumbukwe kwamba penye mwanga wa mwezi mtu huona umbo, lakini hatambui uso. Umbali wa kutambua ni mfupi sana kuliko ule ulioandikwa kwenye boksi.

Jaribio la darasani

Ukali wa tochi waweza kupimwa kwa mshumaa, karatasi nyeupe na tone la mafuta. Njia hii hujulikana kwa jina la Robert Bunsen, mwanakemia wa Ujerumani wa karne ya 19. Mshumaa wa kawaida hutoa takriban kandela moja.

Paka tone la mafuta katikati ya karatasi, kisha isimamishe wima katika chumba chenye giza. Weka mshumaa sentimita 20 upande mmoja, na tochi upande wa pili ikielekezwa kwenye doa. Doa likitazamwa kutoka upande wenye mwangaza mwingi huonekana jeusi kuliko karatasi. Kutoka upande wenye mwangaza mdogo huonekana jeupe zaidi. Sogeza tochi nyuma polepole mpaka doa likaribie kutoweka. Hapo pande zote mbili zimepata mwangaza ulio sawa.

Ikiwa tochi imefika mita 4, umbali wake ni mara 20 ya ule wa mshumaa. Mraba wa 20 ni 400. Kwa hiyo tochi hiyo ina kandela 400 hivi, nayo itafika mita 40 kwa kipimo kilichoelezwa. Kwa kuwa rangi ya mshumaa na ya tochi hazifanani, doa halitatoweka kabisa. Wanafunzi wapime mara tatu na kutafuta wastani.

Hesabu ya betri

Nishati ya betri hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya lithiamu yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ambayo hutumika sana katika tochi za kuchaji, ina volti 3.6 hivi. Ikiwa na ampea-saa 3, nishati yake ni wati-saa 10.8. Diodi itoayo lumeni 100 kwa wati ikitumika kutoa lumeni 1,000, huhitaji wati 10. Betri itadumu saa moja tu na dakika chache. Kwa lumeni 100 itadumu karibu saa 10, na kwa lumeni 10 karibu saa 100. Kwa kweli muda huwa pungufu kidogo, kwa sababu nishati nyingine hupotea katika saketi.

Hesabu hii hufichua pia udanganyifu. Madukani huonekana betri za ukubwa huo zilizoandikwa mAh 9,900, yaani ampea-saa 9.9. Hata betri bora za ukubwa huo hazivuki sana ampea-saa 4. Tarakimu kubwa kama hiyo ni sababu ya kuiacha betri, si ya kuinunua. Maana aliyesema uongo juu ya nishati huenda pia hakuangalia usalama. Betri ya lithiamu iliyotobolewa, iliyopondeka, au iliyochajiwa kupita volti 4.2 huweza kulipuka na kuwaka moto.

Vilevile, tochi ndogo haiwezi kudumisha mwanga mkali kwa muda mrefu, kwa kuwa joto la diodi halina pa kukimbilia. Saketi hupunguza umeme baada ya dakika chache. Muda ulioandikwa kwa kipimo cha FL 1 huhesabiwa mpaka mwanga unapobaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Haumaanishi kwamba tochi huwaka kwa nguvu zote kwa muda wote huo.

Jicho gizani

Katika retina mna seli za fito, zitumikazo katika mwanga hafifu, na seli za koni, zitambuazo rangi. Seli za fito huhitaji nusu saa au zaidi gizani ili zifikie uwezo wake kamili, lakini mwanga mkali huupoteza uwezo huo kwa sekunde chache. Kwa hiyo anayewasha lumeni 1,000 ili kutafuta ufunguo hujitia upofu wa muda. Tochi nzuri ya kila siku ina daraja la chini kabisa, nayo huanza na daraja hilo inapowashwa. Kwa muuguzi au mkunga, ambaye hana budi kuona rangi ya damu na ya ngozi, uhalisi wa rangi ni muhimu kuliko lumeni.

Taa iliyofungwa kwenye bunduki

Polisi na majeshi ya nchi nyingi hutumia taa ndogo zinazofungwa chini ya mtutu wa bunduki au bastola. Taa hizi hujengwa zistahimili mshtuko wa risasi, na huhitaji kandela za kutosha kumtambua mtu pamoja na mwanga wa pembeni wa kuonyesha mikono yake na vilivyo kando yake.

Lakini taa hii ina kasoro isiyoondolewa na ufundi wowote: humulika pale tu mdomo wa bunduki unapoelekea. Mlinzi anayeitumia kutazama nani abisha hodi amekwisha kumwelekezea bunduki, naye huenda ni jirani aliyekuja kuomba msaada. Nchini Marekani zimeripotiwa ajali ambamo askari, akikusudia kuwasha taa ya bastola, alivuta kifyatuo badala yake. Kwa sababu hiyo, kila mwenye kazi ya silaha anapaswa kuwa na tochi ya mkononi kwa ajili ya kutafuta na kutambua. Taa ya bunduki haichukui nafasi ya tochi. Huja baada yake. Sharti kitu kijulikane kwanza, ndipo silaha ifikiriwe.

Kuchagua

Mnunuzi na ajiulize maswali manne kabla ya kuuliza bei. Je, nitatazama umbali gani? Hapo atafute kandela. Je, nahitaji saa ngapi za mwanga? Hapo ahesabu wati-saa. Je, betri zake zapatikana mahali ninapoishi? Tochi isiyo na betri ni uzito wa bure. Je, itanyeshewa? Alama ya IPX4 humaanisha kwamba yahimili maji ya kurushiwa. IPX7, kwamba yahimili kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Kwa mwendo wa kawaida wa usiku, lumeni 50 hadi 100 zilizotawanyika vizuri hutosha watu wengi, mradi zidumu hadi mwisho wa safari.

Mazoezi

1. Mshumaa uko sentimita 10 kutoka kwenye karatasi, na doa linatoweka tochi ikiwa mita 5. Tafuta kandela za tochi na umbali wa mmuliko wake.

2. Betri ya volti 3.6 ina ampea-saa 2.5. Itawasha taa ya wati 1.5 kwa saa ngapi?

3. Eleza kwa nini askari wa doria mwenye taa kwenye bunduki yake bado anahitaji tochi ya mkononi.