Usibebe Moto Kwenda Bustanini: Kijitabu kwa Wasemaji wa Kiswahili wa Newtown, Birmingham

Hatari iko wapi

Mkaazi wa Newtown akisikia habari za moto wa nyika, mawazo humpeleka Ugiriki, California au Mlima Kilimanjaro. Si ajabu. Ukisimama Newtown Row unaona lami, magari, maduka na maghorofa ya kaunsili. Nyasi ni zile za chini ya ghorofa na za Burbury Park. Lakini jua likitoka Jumamosi, watu hushuka na mikeka, masufuria ya pilau na mifuko ya mkaa, magari yakaelekea Sutton Park, Lickey Hills au Cannock Chase. Huko ndiko moto wa nyika ulipo, na mara nyingi huwa umepelekwa na mtu wa mjini aliyekwenda kupumzika.

Sutton Park iko kama maili sita kaskazini mwa katikati ya jiji. Mwaka 1528 Mfalme Henry VIII aliwapa watu wa Sutton Coldfield ardhi hiyo, na mpaka leo inaitwa bustani. Jina hilo linatudanganya. Ni zaidi ya hekta 900 za msitu, madimbwi na nyika yenye vichaka vikavu, na kimoja kati ya vichaka hivyo, kile chenye miiba na maua ya manjano kiitwacho gorse, kina mafuta ndani yake na hushika moto upesi hata kikiwa kibichi. Anayetandika mkeka pembeni mwa vichaka hivyo na kuwasha mkaa amekaa jirani na kuni.

Msimu usioutarajia

Kwetu tumezoea kwamba moto wa nyika ni wa kiangazi, wakati ardhi imekauka na jua linachoma. Hapa Uingereza kuna misimu miwili. Wa pili ni huo wa Juni hadi Agosti. Wa kwanza huanza Machi na kuendelea hadi Mei, wakati wengi wetu bado tumevaa makoti. Nyasi na majani yaliyokufa mwaka uliopita yanakuwa bado yamesimama, makavu kama karatasi, na majani mapya hayajaota kuyafunika. Upepo mkavu ukivuma siku tatu nne, moto hauhitaji joto la kumtoa mtu jasho. Likizo ya Pasaka huangukia humohumo, watoto wako nje mchana kutwa, na kiberiti kimoja mfukoni mwa mtoto wa miaka kumi na miwili kinatosha.

Msimu wa kiangazi nao umebadilika. Tarehe 19 Julai 2022 kipimajoto cha Coningsby, Lincolnshire, kilifika nyuzi 40.3 za Selsiasi, joto kubwa kuliko lote lililowahi kurekodiwa nchini humu. Siku hiyohiyo, katika kijiji cha Wennington, mashariki mwa London, moto ulipita kwenye nyasi kavu ukaingia mitaani na kuteketeza nyumba zipatazo 20. Zimamoto la London lilisema halijawahi kuwa na siku ya kazi nyingi kama ile tangu Vita Vikuu vya Pili. Hapa kwetu, mwezi huohuo, Lickey Hills iliwaka na baadhi ya wakaazi wa pembezoni wakaambiwa waondoke majumbani. Nyumba za Wennington zilikuwa za matofali, zenye bustani na uzio wa mbao kama za mtaa wowote wa Birmingham.

Jiko la foili

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye neno.

Jiko la foili ni ile sinia nyepesi ya kutumia mara moja, yenye mkaa na wavu juu, inayouzwa madukani kwa pauni chache. Kwa nyama choma ya watu wawili linafaa. Kwa ardhi ni balaa. Sinia haina miguu. Inakaa juu ya nyasi, na joto lake linashuka chini kama linavyopanda juu. Nyasi za chini yake huungua polepole bila mwali. Familia inakula, inacheza mpira, inakunja mkeka na kuondoka, na nyuma yao upepo unapuliza kile walichodhani kimezimika. Mkaa huo unaweza kubaki wa moto kwa saa kadhaa baada ya kugeuka jivu jeupe. Mtu akiutupa kwenye pipa la taka la bustani, huwa ameuhamishia kwenye karatasi na plastiki.

Mei 2020 msitu wa Wareham, Dorset, uliungua kiasi cha hekta 220, na wazimamoto walikuta majiko kadhaa ya foili ndani ya eneo lililoteketea. Mwaka 2022 maduka ya Aldi na Waitrose yaliacha kuyauza. Maduka mengine yanaendelea, na madhali lipo rafuni mtu huona limeruhusiwa kila mahali. Kuuzwa ni jambo moja, kuwasha bustanini ni jingine. Soma kibao cha langoni, na kama hukuona palipoandikwa kwamba moto unaruhusiwa, chukulia kwamba hauruhusiwi. Mlinzi wa bustani akikwambia zima, zima, hakuonei.

Tunajua jibu litakalokuja: sikukuu bila nyama choma ni sikukuu gani? Choma nyumbani, katika ua wa ndugu mwenye ua, juu ya jiko lenye miguu lililosimama kwenye saruji, mbali na uzio wa mbao, na ndoo ya maji iwe karibu. Kisha beba nyama ikiwa imeiva ndani ya chombo kinachohifadhi joto. Mishikaki haipotezi heshima kwa kusafiri dakika ishirini. Ukimaliza kuchoma, mwagia mkaa maji mengi, ukoroge, umwagie tena, uuache mpaka uweze kuugusa kwa mkono.

Sigara nazo zimo. Kipisi hakitupwi dirishani garini wala hakikanyagwi nyasini. Kinazimwa ndani ya maji au ndani ya kopo.

Ukiwa ghorofani

Asiye na ua hushawishika kutumia roshani. Tafadhali usifanye hivyo. Cheche ikipanda kwa upepo inaingia roshani ya jirani wa juu, ambako kuna nguo zimeanikwa na boksi la friji lililohifadhiwa tangu Krismasi. Na cheche ikishuka inafika nyasi za chini, ambazo Aprili na Julai huwa zimekauka.

Jambo la kuua upesi zaidi ni kuingiza jiko la mkaa ndani ya nyumba, iwe kwa kupikia au kwa kuota moto wakati bili ya umeme imepanda. Mkaa unaotoa joto bila moshi bado unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na nyumba za hapa zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke. Nyumba ya Tabora au Kisumu yenye uwazi chini ya bati humsamehe mtu. Chumba cha ghorofa ya saba chenye madirisha ya vioo viwili hakisamehi. Kichwa kikiuma watu wawili kwa pamoja katika chumba kimoja, tokeni nje kwanza, kisha pigeni simu.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, kila mwenye nyumba England, pamoja na kaunsili na mashirika ya nyumba, anatakiwa aweke king'ora cha moshi katika kila ghorofa ya makazi anayopangisha, na king'ora cha kaboni monoksaidi katika chumba chenye chombo kilichojengewa cha kuunguza mafuta, gesi au kuni, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Ukikosa, una haki ya kudai. Ukinacho, bonyeza kitufe cha majaribio mara moja kwa wiki. Usikitoe betri kwa sababu kinapiga kelele unapokaanga sambusa. Fungua dirisha na ufunge mlango wa jikoni.

Vijana wanaopeleka vyakula kwa baiskeli za umeme, mlijue na hili: betri isichajiwe kwenye korido wala karibu na mlango wa kutokea, wala usiku wote watu wakiwa wamelala. Chaja iwe ile iliyokuja na baiskeli. Betri ya lithiamu ikilipuka, mlango uliokuwa njia yako ya kutoka ndio unaowaka.

Faya wa hapa ni watu gani

Zimamoto la eneo letu ni West Midlands Fire Service, lililoanzishwa mwaka 1974. Makao makuu yako Vauxhall Road, Nechells, mwendo mfupi kutoka Newtown, na kituo cha Aston ndicho jirani yetu. Wengi wetu tunawajua kwa gari jekundu na king'ora tu. Sehemu kubwa ya kazi yao hufanyika kabla moto haujawaka.

Mojawapo ni ziara ya nyumbani wanayoiita Safe and Well. Unaomba kwa simu au kupitia tovuti yao. Wanakuja kwa miadi, wanaangalia jikoni, nyaya, vitanda, njia ya kutokea, na ikibidi wanafunga ving'ora vya moshi. Hulipi chochote. Wanatoa kipaumbele kwa wazee, wagonjwa, wenye ulemavu na wanaoishi peke yao. Kwa hiyo mwenye mama mzee au shangazi asiyeona vizuri asione haya kuomba. Watauliza pia nani anavuta sigara, nani anaanguka mara kwa mara, nani anatumia oksijeni. Wanauliza hivyo kwa kuwa anayeshindwa kutembea haraka ndiye anayekutwa na moto.

Kuna familia zinazoogopa kumfungulia mlango mtu yeyote mwenye sare. Mtu aliyetoka Bujumbura, Bukavu au Mogadishu ana sababu zake, na hatutamwambia ameota. Lakini wazimamoto hawaji kuhesabu mnalala wangapi ili wawafukuze. Wanahesabu ili wajue watafute wangapi. Mwombe aliyekuja kitambulisho kabla ya kumwingiza. Ni haki yako, na watakionesha bila kununa.

Kwenye makao makuu yao pia kuna Safeside, mahali walipojenga mtaa wa mfano ndani ya jengo, ambapo watoto wa shule hufundishwa hatari za moto, maji na barabara kwa kuziigiza. Mtoto wako akirudi kutoka shuleni na karatasi ya Safeside, muulize alichojifunza na umruhusu akukague. Wazee wetu hawapendi kusahihishwa na mtoto mezani; katika hili wavumilie.

Kupiga simu

Tanzania namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Hapa ni 999, na 112 nayo inafanya kazi. Ni bure, hata simu yako ikiwa haina salio, lakini lazima iwe na laini ndani. Wa kwanza kupokea atakuuliza unataka huduma gani; jibu ni neno moja, *Fire*. Kama Kiingereza kinagoma, sema *Swahili interpreter* na usikate. Utaunganishwa na mkalimani. Hakuna anayekutoza fedha kwa kuita faya kwenye moto wa kweli. Usisite kwa kudhani jirani ameshapiga. Simu kumi za moto mmoja zina nafuu kuliko moto mmoja usiopigiwa simu.

Mahali ndipo panaposumbua. Nyumbani toa namba ya nyumba, jina la jengo na msimbo wa posta. Ndani ya Sutton Park hakuna msimbo utakaokusaidia, kwa hiyo kumbuka jina la lango uliloingilia, kama Town Gate au Banners Gate, na dimbwi ulilo karibu nalo. Programu ya what3words huigawa dunia katika miraba ya mita tatu kwa tatu, na kila mraba una maneno matatu. Wazimamoto wa hapa wanaitumia. Ina toleo la Kiswahili pia, basi hakikisha imewekwa Kiingereza kabla ya kumsomea aliyepokea simu.

Ukiwa karibu na moto

Oktoba 2020 moto uliunguza zaidi ya kilomita za mraba 90 za Mlima Kilimanjaro, na mamia ya watu, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka, walipanda kuuzima. Moyo huo wa kukimbilia moto na tawi la mti mkononi tumezaliwa nao. Hapa uache. Moto wa vichaka vikavu hubadili mwelekeo na upepo, na kwenye mteremko hukimbia kwenda juu kuliko mtu. Waite watoto, acha vikapu, ondoka upande ule upepo unakotokea au shuka chini, uelekee barabara au maegesho. Usipande kilima ili upate video nzuri.

Gari nalo liangaliwe. Lango la bustani si maegesho hata kama ni dakika tano za kushusha watoto, kwa sababu gari la zimamoto ni pana na halipiti ubavuni mwako. Ukiona moshi ukiwa njiani kuja, geuza.

Ombi kwa viongozi wa jumuiya

Maimamu, wachungaji, viongozi wa vikundi vya akina mama na wa vyama vya kuzikana: waalikeni wazimamoto kwenye mkutano wenu mapema, kabla ya likizo ya Pasaka, na mweke mtu wa kutafsiri kwa Kiswahili. Mkitangaza safari ya Idi au ya kanisa kwenda bustanini, tangazeni na utaratibu wa chakula: kinapikwa wapi, nani anakibeba, na kwamba mkaa unabaki nyumbani.