Mirunda Ikae, Jiko Litoke

*Mimi ni foromani kwenye ghorofa la mtu binafsi huku Ihumwa, Dodoma. Wiki iliyopita tulimwaga slabu ya kwanza. Bosi anataka tutoe mirunda siku ya saba, kwa sababu ameikodi na inamla pesa kila siku. Anasema Novemba iliyopita, kwenye jengo lake jingine, ilitolewa siku ya saba na hakuna kilichotokea. Mimi moyo unasita. Asubuhi baridi na upepo vinatutesa. Juzi saidia fundi, kijana aliyetoka Lindi, aliteleza kwenye jukwaa saa moja na nusu, mguu ukateguka. Anasema vidole vilikufa ganzi, hakujua kama ameshika au hajashika. Nilipoomba tuanze kazi saa mbili, bosi akanijibu kwamba Dodoma si Ulaya na kwamba nawadekeza vibarua. Usiku sipati usingizi. Je, mimi ni mwoga?*

*Nyongeza: vijana wanne wanalala stoo palepale saiti. Wamejipatia jiko la mkaa, kwa hiyo wao angalau usiku hawateseki.*

*Foromani, Ihumwa*

Naanza na nyongeza yako. Umeiandika kama habari njema, na katika yote uliyonieleza hilo ndilo linaloweza kuua usiku huu.

Jiko litoke stoo leo, kabla hamjaagana. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, damu ikawa inazunguka bila kubeba hewa ambayo mwili unaihitaji. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu ikaisha nguvu. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Wengi hudanganyika na moshi: mkaa ukishakolea mwekundu na moshi ukakata, wanaona sasa ni salama kuliingiza jiko ndani. Mkaa uliokolea unaendelea kutoa gesi hiyo hadi uzimike. Stoo za saiti nazijua, mabati yameziba pande zote na matundu yamesokotwa mifuko ya saruji ili upepo usipite. Chumba cha namna hiyo ndicho kibaya kuliko vyote. Kidirisha kilichoachwa wazi kidogo hakitoshi.

Lakini huwezi kuwanyang'anya jiko ukawaacha na baridi yao. Mwambie bosi anunue mablanketi manne mazito na magodoro. Wasilale juu ya zege tupu. Panga mbao chini, kwa kuwa sakafu ya zege hunyonya joto la mwili usiku kucha. Jiko libaki nje, wapikie hapo, waote moto hapo, wanywe uji, kisha waingie kulala na jiko waliache hukohuko nje. Ukimkuta mmoja wao amelegea au haamki vizuri, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na umpeleke hospitali, hata akizinduka akakwambia hajambo.

Sasa mirunda. Kusita kwako si woga. Zege halikauki kama nguo iliyoanikwa. Saruji na maji vinafanya kazi ya kikemia inayochukua siku na wiki, na kazi hiyo huenda pole kadiri joto linavyoshuka. Hapa Dodoma wastani wa joto la Novemba, usiku na mchana, ni karibu nyuzi 25. Julai ni karibu nyuzi 20, na alfajiri hushuka hadi 13 au 14, siku nyingine chini ya hapo. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, tofauti hiyo ya nyuzi 5 hufanya siku 7 za Novemba zilingane na siku 9 hivi za Julai. Zege lako la siku ya saba, kwa nguvu zake, ni kama la siku ya tano na kitu. Nalo limelala usiku wote huo juu kwenye upepo, si chini kwenye msingi ambako udongo hulihifadhi.

Isitoshe, siku ya saba ilikuwa mapema hata hiyo Novemba. Mbao za ubavuni mwa boriti hutoka baada ya siku moja au mbili, hilo halina ubishi. Mirunda inayobeba slabu kwa chini ni jambo jingine. Desturi ni siku 14, na boriti ndefu hukaa hata 21. Jengo lile lilivumilia. Halikumthibitishia bosi wako chochote kuhusu jengo hili. Kwa majira haya ya kipupwe, mimi nisingegusa mrunda wowote chini ya slabu kabla ya siku ya 18, na hata hapo ningetaka kwanza neno la mhandisi.

Mhandisi huyo yupo. Ghorofa lenye kibali cha Jiji lina michoro iliyosainiwa, na aliyeisaini ana jina na simu. Mtafute kabla ya siku ya saba kufika. Muulize kama siku ya kumwaga zilichukuliwa kyubu, vile vipande vya zege vya sentimita 15 kila upande vinavyovunjwa maabara ili kupima nguvu. Halafu muulize swali ambalo wengi hawaulizi: kyubu hizo zimehifadhiwa wapi? Mara nyingi huzamishwa kwenye tangi la maabara, maji ya vuguvugu, pasipo upepo. Zinakomaa vizuri, cheti kinatoka kizuri, na slabu iliyoko juu haijafika huko. Mkimwaga tena, acheni kyubu kadhaa palepale juu ya slabu, zilale nayo na zipigwe na baridi ileile. Majibu ya hizo ndiyo yatakayowaambia kama mirunda itoke.

Sikuandikii kukutisha, ila haya yamewahi kuua, tena mahali ambako wataalamu hawakukosekana. Tarehe 2 Machi 1973, huko Bailey's Crossroads, Virginia, Marekani, mihimili ya kushikilia slabu ya juu ya ghorofa refu iliondolewa mapema wakati zege lilikuwa limecheleweshwa na baridi. Sehemu ya jengo ilishuka hadi chini, na watu 14 wakafa. Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, Willow Island, West Virginia, mafundi walikuwa wakijenga mnara mkubwa wa kupoza maji. Jukwaa lao lilikuwa limefungwa kwenye zege lililomwagwa siku moja tu kabla yake. Usiku ulikuwa wa baridi, zege halikuwa limeshika vya kutosha, na asubuhi walipoanza kuvuta mzigo lilimeguka likaporomoka na jukwaa lote. Walikufa 51. Wachunguzi wa serikali walitaja udogo wa nguvu za zege lile kuwa ndio chanzo chenye uwezekano mkubwa zaidi.

Bosi wako anaposema Dodoma si Ulaya, kuna upande ana haki. Kanuni za Kimarekani huhesabu kwamba hali ya baridi kwa zege inaanzia nyuzi 4 kushuka chini, kwa sababu hofu yao kubwa ni maji ya ndani ya zege kuganda. Hapa kwetu hayagandi. Ukitafuta sakitu nenda Makete, kwenye nyanda za Kitulo. Lakini kanuni iliyoandikwa kwa nchi ya theluji isitumike kumwambia Mdodoma kwamba hana baridi. Nyanda hizi za Dodoma zimewahi kuumbua mahesabu yaliyoletwa kutoka mbali. Waingereza walioanza mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947 walikuja na matrekta na makadirio, udongo wa hapa ukawashinda, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa.

Tatizo letu hapa ni mchanganyiko: usiku wa ubaridi, mchana mkavu, na upepo wa kusini mashariki unaovuma siku nzima. Mvua iliishia Aprili, hewa haina unyevu. Upepo wa namna hiyo ukipita juu ya zege bichi hunyonya maji haraka kuliko yanavyopanda kutoka ndani. Wahandisi huanza kuhofu pale mita moja ya mraba inapopoteza lita moja kwa saa, na mchana wa Julai huku juu unaweza kulifikia hilo hata jua likiwa halichomi. Ndipo unapoona nyufa nyembamba zimejichora kabla hata fundi hajamaliza kusawazisha. Mafundi wengi wanaomwagilia slabu kwa bidii mwezi wa Novemba huacha Julai, ati hakuna jua. Upepo unakausha bila jua. Slabu yako ifunikwe nailoni au magunia yaliyoloweshwa, yakandamizwe matofali pembeni, na maji yaendelee siku 7 kamili, zikifika 10 ni bora.

Mkifika slabu ya pili, anzeni kumwaga saa mbili au saa tatu asubuhi na mmalize ifikapo saa nane, zege lipate joto la mchana katika saa zake za kwanza. Funga turubai upande unaotoka upepo. Saruji iwe ya 42.5, inashika haraka kuliko 32.5. Msianze kumwaga saa kumi jioni kwa sababu tu gari la kokoto lilichelewa. Zege litaingia usiku bado laini, na vijana watakesha juu wakilisubiri na taa ya simu mkononi.

Kuhusu kijana wa Lindi. Mwili ukipigwa na baridi hupunguza damu ya vidoleni ili kulinda kifua, kwa hiyo mkono haushiki vizuri na hausikii. Ukilowa maji ya saruji na kupulizwa na upepo, ndivyo unavyozidi. Vijana wanaokuja na treni kutoka pwani kufuata kazi za ujenzi za Mtumba na Msalato hufika na fulana mbili na kandambili, hakuna aliyewaambia kwamba mji mkuu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Wapeleke soko la Sabasaba wakanunue masweta ya mitumba. Glavu, buti na kofia ngumu ni juu ya bosi: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga, na hatakiwi kumkata mfanyakazi mshahara kwa ajili ya vifaa hivyo. Glavu za kuchanganyia zege ziwe za mpira. Kipupwe hupasua ngozi, na saruji bichi huunguza, ikiingia kwenye mpasuko kidonda hakiponi upesi. Kofia ya sufu chini ya kofia ngumu iwe nyembamba. Shuka za kujifunika zisikaribie mikisa, ikinasa pindo inavuta na mtu.

Bosi amekataa kukupa saa moja? Basi usimwombe tena saa, panga kazi upya. Kuanzia saa moja watu wafanye kazi za chini: kukata na kukunja nondo, kuchekecha mchanga, kusogeza tofali, miili ipate moto. Jukwaani wapande saa tatu, jua likishapiga mbao na umande umekauka. Siku ya kazi haijapungua hata dakika, na ninaamini utaona tofali nyingi zaidi jioni, kwa kuwa fundi mwenye vidole vilivyokufa ganzi hujenga pole na kubomoa alichokosea. Mabati na mbao pana zisipandishwe upepo ukiwa mkali. Mama ntilie aje na uji mapema. Watu wanywe maji hata wasiposikia kiu, hewa hii inakausha mwili kimyakimya. Na anayekuja amepata gongo kidogo "kutoa baridi" arudi nyumbani siku hiyo. Pombe huleta damu kwenye ngozi, mtu akahisi joto huku mwili unalipoteza. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, kiu ya kujidanganya hivyo haijaisha.

Mguu wa yule kijana ni ajali ya kazini, hata kama ni kibarua. Iandike: tarehe, saa, mahali, nani aliona. Bosi atoe taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao ni wa waajiri wote wa Tanzania Bara, wakubwa na wadogo. Akikaidi, wewe au kijana mwenyewe mnaweza kwenda ofisini kwao.

Kesho zungumza na bosi faragha, usimwaibishe mbele ya mafundi. Mpe hesabu ya siku 7 na siku 9, halafu umwombe apige simu kwa mhandisi mbele yako. Pesa ya mirunda ni mzigo wa kweli kwake, usiidharau. Mwenye mirunda anaweza kukubali bei nafuu kwa wiki ya ziada kuliko kuibeba ikakae bure. Akiendelea kuamuru mirunda itoke bila neno la mhandisi, kataa kutoa amri hiyo kwa mdomo wako, na upeleke taarifa ofisi ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, hapa Dodoma au kwa wakaguzi wa majengo wa Jiji. Hukuniambia slabu ilimwagwa siku gani hasa. Itafute tarehe hiyo, iandike kwa chaki kwenye nguzo ya chini, na pembeni yake uandike tarehe ya siku ya 18, ili hata fundi atakayekuja siku ambayo wewe hupo asianze kugonga kabari.