Kikalio Kipya, Mbao za Zamani

Swali: Nimeona kiti cha Wegner, kile chenye mgongo wa umbo la Y, lakini kikalio kimesukwa upya. Nikiache?

Jibu: Usikiache kwa sababu hiyo. Hans Wegner alibuni kiti hicho, CH24, mwaka 1949, na kampuni ya Carl Hansen & Søn ya Denmark inakitengeneza tangu 1950 hadi leo; uzee pekee haukifanyi adimu. Kikalio chake ni kamba ya karatasi, mita 120 hivi, nayo huchakaa kwa kukaliwa. Kuisuka upya ni kama kubadili soli ya kiatu. Mimi hutilia shaka mbao. Fundi akipiga msasa kwa pupa, upinde wa juu hukonda na rangi iliyokolea kwa miaka huondoka isirudi tena. Kipindue basi, utazame kama kuna gundi mpya kwenye viungo, kisha upitishe kidole pale ubao wa Y unapoingia kwenye upinde. Utaambiwa wakusanyaji makini hutaka kila kitu cha awali. Ni kweli, kamba ya awali ikiwa nzima huweza kupandisha bei. Iliyokatika haina faida hiyo. Kuhusu lebo, usiitegemee mno: hubanduka, na wajanja hubandika nyingine. Bei ijadilini mkiwa mmeshakigeuza miguu juu.