Mlima Hupimwa Kabla ya Kupandwa

Mji wa Bunia umejengwa katika uwanda wa juu, kadiri ya meta 1275 juu ya bahari. Upande wa mashariki nchi yateremka mpaka Ziwa Alberti, na maji ya ziwa hilo yapo kadiri ya meta 620 tu juu ya bahari. Basi, mtu atokaye ziwani na kufika Bunia amepanda zaidi ya meta 650. Kama mnara wa kanisa una meta 25, ingepasa kuweka minara 26, mmoja juu ya mwingine, ili kufikia kimo hicho.

Huko chini, kando ya ziwa, ndipo ulipo mji wa Kasenyi, penye wavuvi wengi. Samaki wa ziwa hupendwa sana sokoni Bunia. Wengine huwaleta kwa lori, wengine kwa pikipiki. Lakini baiskeli haili mafuta. Kwa hiyo mtu asiye na fedha nyingi huitegemea. Hushuka na unga au maharagwe, naye hurudi na samaki. Akichelewa, samaki wabichi huoza. Akianguka, mzigo hupotea, na pengine uhai pia. Ndiyo sababu inampasa kujua kuchagua njia ya mlima.

MWINUKO NI NINI?

Watu wengi huuliza jambo moja tu: "Njia hii ina kilometa ngapi?" Ulizo hilo ni jema, lakini halitoshi. Yafaa kuuliza tena: "Inapanda kiasi gani?"

Ukienda mbele meta 100 na njia ikapanda meta 5, mwinuko wake ni 5 kwa 100. Ikipanda meta 10, mwinuko ni 10 kwa 100. Njia ya 2 kwa 100 macho hayaioni vizuri, lakini miguu huisikia. Kwenye 10 kwa 100 mtu mwenye mzigo hushuka chini na kusukuma baiskeli yake.

Jihadharini na hesabu ya wastani, maana yaweza kudanganya. Ukiugawa mpando wote, toka ziwani mpaka Bunia, kwa urefu wa barabara yote, utapata chini ya 2 kwa 100. Mtu akisikia hivyo atasema: "Si kitu!" Lakini barabara haipandi sawasawa. Hutoka Bunia, hupita Bogoro, kadiri ya kilometa 25 kutoka mjini, kisha hushuka kwenye genge la bonde la ufa mpaka nchi tambarare ya ziwa. Kupanda kwingi kumekusanyika penye genge hilo. Mto wenye wastani wa maji ya magotini waweza kuwa na shimo la kumzamisha mtu. Vivyo hivyo barabara. Msipime wastani peke yake. Pimeni mahali palipo pakali kuliko pote.

NJIA MBILI ZA MLIMA MMOJA

Tuseme kuna mlima wenye kimo cha meta 100, nao una njia mbili. Ya kwanza yapanda moja kwa moja, nayo ina urefu wa meta 1000. Ya pili yazunguka zunguka, nayo ina meta 2500. Mwinuko wa ya kwanza ni 10 kwa 100. Wa ya pili ni 4 kwa 100.

Tuseme tena mchuuzi ana uzito wa kilo 60, baiskeli yake kilo 20, samaki kilo 40. Jumla ni kilo 120. Katika njia fupi mlima wamvuta nyuma kama mzigo wa kilo 12 uliofungwa kwa kamba. Katika njia ndefu wamvuta kama mzigo usiofika kilo 5. Kazi ya kuinua kilo 120 mpaka juu ni ile ile, ila katika njia ndefu imegawanywa vipande vidogo.

Na saa je? Akisukuma baiskeli katika njia fupi kwa mwendo wa kilometa 3 kwa saa, atatumia dakika 20. Akikaa juu ya baiskeli katika njia ndefu na kwenda kilometa 7 na nusu kwa saa, atatumia dakika 20 vilevile. Kumbe, njia fupi haikumwahisha! Lakini hesabu hii ni ya barabara ngumu na kavu. Kama njia ndefu ina mchanga au matope, magurudumu huzama, na kila meta huongeza taabu. Hapo yafaa kufikiri upya.

Angalieni tena baiskeli yenyewe. Nyingi hazina gia. Gurudumu la meno mbele lina meno 44, na la nyuma, tuseme, lina 20. Mguu ukizungusha mara moja, baiskeli huenda mbele karibu meta 5. Katika mwinuko wa 10 kwa 100, mzunguko huo mmoja huinua kilo zote 120 karibu nusu meta. Katika 4 kwa 100 huziinua sentimeta 20 tu. Ndiyo sababu hata kijana mwenye nguvu hushindwa penye 10 kwa 100, wala si haya kushuka na kusukuma.

KUSHUKA NI KUGUMU KULIKO KUPANDA

Anayepanda huchoka, anayeshuka huweza kufa. Breki hufanya kazi kwa kusugua, na kusugua huleta joto. Kama mtu na mzigo wake wana kilo 120, nao washuke meta 600 kwa breki peke yake, joto litakalotoka latosha kuchemsha lita 2 za maji. Upepo hulipunguza, lakini linalobaki huingia katika mipira ya breki na katika chuma cha gurudumu. Mpira wenye joto hulainika na kulika. Chuma kikilowa mvua, breki hukamata kidogo sana.

Kwa hiyo mwenye akili hujaribu breki zake kabla ya kufika gengeni. Hatumii kandambili kuzuia gurudumu. Hufunga mzigo chini, tena sawasawa pande mbili. Husimama njiani ili chuma kipoe. Penye ukali sana hushuka na kuishika baiskeli kwa mikono miwili. Mwenda pole hajikwai.

KUPIMA KWA FITO NA CHUPA

Mwinuko waweza kupimwa bila chombo cha ghali. Twaeni fito iliyonyoka, yenye urefu wa meta 1 kamili. Twaeni na chupa ya kioo, mtie maji mpaka nusu, mzibe vizuri. Wekeni ncha moja ya fito juu ya ardhi, upande wa mlimani. Inueni ncha ya pili, iliyo upande wa bondeni. Lazeni chupa juu ya fito. Maji yakilala sawasawa toka shingo mpaka kitako, fito imekuwa sawa. Sasa pimeni toka ncha iliyoinuliwa mpaka chini. Kama ni sentimeta 8, mwinuko ni 8 kwa 100. Pimeni mahali pengi, pembeni mwa barabara, mmoja akingojea na kutazama magari.

Baada ya mwinuko, yako mambo mengine ya kuuliza. Je, mwisho wa mteremko pana kona? Je, mvua imechimba mifereji? Malori hupita saa gani? Maji ya kunywa na kivuli vipo wapi? Tena: je, kuna amani njiani? Watu wa Ituri wajua uzito wa ulizo hili. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji cha Bogoro kilishambuliwa, na raia wengi wakauawa. Njia nyepesi isiyo salama si njia ya kuchagua.

MTU ALIYESEMA NJIA NI NZURI

Huko Ufaransa, mwaka 1910, gazeti moja liitwalo L'Auto lilitaka kupitisha mashindano yake makubwa ya baiskeli katika milima ya Pyrénées. Mwandishi wake, Steinès, alikwenda kuitazama njia ya Tourmalet, ambayo kilele chake kina meta 2115. Theluji ilizuia motokaa yake. Akaendelea kwa miguu usiku, akapotea, akaokolewa kwa shida. Lakini inasimuliwa kwamba alimpelekea mkubwa wake, Henri Desgrange, simu ya kusema njia ni nzuri sana na yapitika.

Tarehe 21 Julai mwaka ule waendeshaji walitoka Luchon kwenda Bayonne, kilometa 326. Baiskeli zao zilikuwa nzito, nao walilazimika kuzisukuma kwa miguu mahali pengi. Octave Lapize alifika wa kwanza kileleni Tourmalet. Baadaye, juu ya mlima Aubisque, aliwaita wenye mashindano wauaji. Alishinda siku ile baada ya zaidi ya saa 14 za taabu. Theluji ya kipupwe ilikuwa imekwisha, na mashindano yakasifiwa. Hata hivyo, wale waliopanda hawakuwa wameambiwa kweli yote.

Jambo kama hili laweza kutokea nyumbani pia. Tuseme kijana ashuka Kasenyi mara ya kwanza. Penye genge breki zinakaribia kumshinda, naye anaokoka kwa kuitupa baiskeli majanini. Akirudi, mdogo wake amwuliza: "Kaka, njia ya gengeni ikoje? Kesho baba anituma mimi." Mkubwa aona haya. Akisema, "Ni rahisi," atasifiwa kuwa shujaa leo, na kesho mdogo wake atashuka bila hofu wala hadhari. Akisema, "Mdogo wangu, pale kwenye kona ya mawe nilishindwa, wewe shuka kwa miguu," atachekwa kidogo, lakini amemlinda ndugu yake. Hiyo ndiyo maana ya amri isemayo tusiseme uongo: uongo mdogo waweza kumwua mwenzako.

WALIOPIMA KWANZA

Siku hizi mashindano hupangwa kwa vipimo. Mwezi wa Septemba 2025 mabingwa wa dunia walishindana Kigali, nchini Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo ya barabarani kufanyika Afrika. Njia ya wanaume ilikuwa na kilometa 267 na nusu, na mipando yake yote ikijumlishwa ni zaidi ya meta 5400. Kipande kimoja chenye mawe, kiitwacho Ukuta wa Kigali, kina urefu wa meta 400 hivi na mwinuko wa 11 kwa 100. Vipimo hivyo vilitangazwa mapema, na kila mmoja alijua atakutana na nini. Hata hivyo, wengi waliacha njiani. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mlima uliopimwa haugeuki kuwa tambarare, lakini haumviziii mtu.

Nako Italia, karibu na Ziwa la Como, pana kanisa dogo la Bikira Maria wa Ghisallo. Ziwa lipo kadiri ya meta 200 juu ya bahari, na kanisa kadiri ya meta 750. Basi, kulifikia ni kupanda meta 550, karibu kama kupanda toka Ziwa Alberti mpaka Bunia. Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Mama huyo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Ndani zimetundikwa baiskeli za mabingwa, na taa huwaka kwa kuwakumbuka wale waliokufa. Wapandaji wengi husimama pale, huvuta pumzi na kusali. Sala ni njema. Lakini anayesali kisha akashuka na breki mbovu anamjaribu Mungu.

Basi, shikeni neno hili. Pima mwinuko, si urefu tu. Tazama palipo pakali kuliko pote. Chagua kwa mzigo ulio nao, si kwa sifa unazozitaka. Na ukiulizwa njia, sema kweli yote, maana nyuma yako yupo ndugu atakayepita.

MAULIZO

1. Kwa nini wastani wa mwinuko waweza kumdanganya msafiri?
2. Njia yapanda meta 18 katika meta 300. Mwinuko wake ni ngapi kwa 100?
3. Mama ana baiskeli na mzigo, jumla kilo 100. Katika mwinuko wa 6 kwa 100, mlima wamvuta nyuma kama kilo ngapi?
4. Steinès alikosa nini? Angalifanya nini?
5. Pimeni kwa fito na chupa njia moja iliyo karibu na shule. Andikeni vipimo vitatu, kisha onyesheni mahali palipo pakali kuliko pote.