Shangazi, napenda vitu vitano: nisome kipi?

*Mimi ni binti wa miaka 20, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa PCB. Nimepata B ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Shida yangu si kukosa ninachokipenda, ni kupenda vingi. Udaktari naupenda tangu utotoni. Redio naipenda, shuleni nilikuwa nasoma habari paredi na walimu walinisifu. Kompyuta naipenda. Nashona nguo na mtaani nina wateja wachache. Halafu kila likizo nipo kwenye alizeti za baba, na shamba nalipenda kwelikweli, silazimishwi. Baba anasema udaktari, basi, mjadala umefungwa. Mjomba anasema uuguzi, maana madaktari wenyewe wapo mtaani hawana ajira. Marafiki wanasema nifuate moyo, lakini moyo wangu unakwenda kote. Naogopa nikichagua kimoja vile vinne vitakufa, kisha nije kujuta. Dirisha la maombi limeshafunguliwa. Nifanyeje?*

*Mpenda Vingi, Singida*

Mwanangu, hongera kwa matokeo. Umeviweka vitu vyako vitano kwenye mstari mmoja na unajiuliza kipi unakipenda zaidi. Kwa swali hilo utakesha, kwa sababu mapenzi hayapimiki kwa kilo, na ukiyapima leo kesho yatakuwa yamehama. Jiulize jambo jingine ambalo jibu lake lipo na halibadiliki kwa hisia za siku: katika hivi vitano, kipi hakina njia nyingine ya kukifikia isipokuwa kupitia chuo, tena mapema? Ukijiuliza hivyo utaona upesi kwamba havifanani. Ili utibu watu kama daktari ni lazima usome miaka 5 ya shahada, ufanye mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, kisha usajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Udaktari huwezi kuusomea jioni baada ya kazi, na huwezi kujifunza kwa kumwangalia jirani. Kushona, kwa upande mwingine, hakuna mteja atakayekuuliza cheti. Atakuuliza gauni lake limeisha au bado. Alizeti nazo hazijali umesoma nini. Redio na kompyuta zipo katikati. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake zilileta ithibati kwa waandishi na kuwataka wawe na angalau stashahada ya fani, kwa hiyo si kazi ya kuingilia kiholela tena, lakini mtu anaweza kuisomea akiwa tayari na shahada ya kitu kingine. Kwenye kompyuta wapo wengi wanaokula mshahara waliojifunza zaidi nje ya darasa kuliko ndani.

Hoja yangu ni hii basi: kwa mtu anayependa vingi, shahada ya kwanza itumike kwa kile ambacho baadaye hakirudiki. Angalia watu wanavyovuka kutoka fani moja kwenda nyingine, utaona wanavuka upande mmoja zaidi ya mwingine. Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Mwinyi, ni daktari wa binadamu aliyeingia bungeni mwaka 2000 na kushika urais mwaka 2020. Mwanasiasa wa kawaida akitaka kuvuka kwa kurudi, yaani aache jimbo aende wodini, hawezi. M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, alisomea fizikia ya nyuklia Marekani hadi shahada ya uzamivu, kisha akawa mwandishi wa riwaya mwenye jina kubwa Kanada. Mwandishi wa riwaya anayeamka akiwa na miaka 40 akasema sasa nataka nyuklia, huyo tumwombee. Na Shaaban Robert, yule mshairi, alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea na ukarani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na vitabu aliviandika pembeni ya kazi hiyo. Hakungoja chuo kimruhusu kuandika.

Utaniambia, Shangazi, hao ni watu mashuhuri, na kwa kila mmoja aliyefanikiwa wapo maelfu waliokwama ambao hatuwataji. Ni kweli, na mfano wa mtu mashuhuri haukuahidi wewe chochote. Ndiyo maana sitaki uyategemee majina hayo. Tegemea utaratibu wa vyuo wenyewe, ambao haujali umaarufu wa mtu. Chuo Kikuu Huria na vingine vina stashahada ya uzamili ya ualimu kwa mwenye shahada ya fani nyingine anayetaka kufundisha. Shahada ya uzamili ya biashara inampokea mhandisi, mwuguzi na mwanasheria. Mitihani ya uhasibu ya NBAA haijamfungia aliyesoma kitu kingine, ataanzia tu ngazi za chini zaidi. Njia za kuingia biashara, ualimu, utawala na habari ukiwa na shahada nyingine zimewekwa rasmi, zina majina na fomu. Tafuta sasa njia ya namna hiyo ya kuingia udaktari kwa mwenye shahada ya habari. Ataambiwa aanze mwaka wa kwanza, tena kama ana Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Wewe unazo leo mkononi.

Hapa niwaguse marafiki zako wa "fuata moyo". Ushauri huo umejaa kwenye video za simu na mwingi wake umetengenezwa Marekani, ambako una mantiki. Kule kijana anaweza kuingia chuo bila kutangaza anasomea nini, akaonja masomo tofauti, na mara nyingi akachagua fani karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Udaktari wenyewe huanza baada ya shahada ya kwanza, kwa miaka 4 mingine. Anayeambiwa "chunguza kwanza" kule ana muda wa kuchunguza. Kwetu unadahiliwa kwenye kozi tangu siku ya kwanza, jina lake limo kwenye barua, na mkopo umepangwa kwa muda wa kozi hiyo. Uchunguzi wetu inabidi ufanyike kabla ya kujaza fomu, na muda wake ni huu huu ulio nao sasa nyumbani.

Lakini usinielewe kwamba nakusukumia udaktari kwa kuwa tu una lango jembamba. Leseni ya kazi unayoichukia ni mzigo wa bure. Kanuni yangu inafanya kazi kati ya vile ambavyo kazi yake ya kila siku unaiweza, na hapo ndipo wapenda vingi hudanganyika, kwa sababu huipenda kazi kwa ile sehemu yake inayoonekana. Udaktari unaouona wewe ni koti jeupe na mgonjwa anayeshukuru. Udaktari wa siku ya Jumanne isiyo na lolote ni kuuliza maswali yale yale kwa mgonjwa wa 30: kimeanza lini, kinauma wapi, umetumia dawa gani kabla hujaja. Ni kuandika, kuandika tena, kujaza taarifa za bima, kupita wodini asubuhi na kurudi jioni, kukesha zamu, na kumweleza mama mmoja habari ambayo hutaki kuitamka. Na kabla ya hapo kuna miaka miwili ya mwanzo ambayo mgonjwa humwoni sana, unaona anatomia, fiziolojia na bayokemia, na wenzako kadhaa wakikamatwa na mitihani ya marudio (sapu) au kuondolewa chuoni (kudisko) kabisa. Nenda hospitali ya wilaya au kituo cha afya kilicho karibu, mwombe mganga mfawidhi ukae siku chache kwenye mapokezi ya wagonjwa wa nje, uangalie. Usimwangalie daktari tu, mwangalie na mwuguzi, tabibu, mtu wa maabara na mfamasia. Ukirudi nyumbani usijiulize kama umefurahi. Jiulize ni kazi ya nani kati yao ungeweza kuirudia ukiwa umechoka.

Ukigundua kwamba hakuna hata mmoja, usihuzunike, umeokoa miaka 5. PCB yako haiishii hospitalini. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina kozi za kilimo, sayansi ya chakula, lishe na tiba ya mifugo, na mtu anayependa shamba kwa hiari, tena wa mkoa wa alizeti, si mtu wa kuzipuuza. Tiba ya mifugo nayo ni miaka 5 na ina usajili wake, kwa hiyo kanuni ile ile inaigusa.

Mjomba wako ana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wapo madaktari waliomaliza na wanaosubiri ajira, kila mtu anawajua. Ila hoja yake ina mianya miwili. Kwanza, anapima soko la leo kwa mtu atakayeingia sokoni baada ya miaka 6, na kati ya leo na siku hiyo bajeti, vibali vya ajira na hospitali binafsi vitabadilika kwa namna ambayo yeye haijui, wala mimi siijui. Pili, uhaba wa nafasi za serikali hauigusi fani moja. Nenda kwenye usaili wowote unaoitishwa na Sekretarieti ya Ajira uone foleni. Katika foleni hiyo, mwenye usajili wa taaluma ana sehemu nyingine za kubisha hodi, kuanzia zahanati binafsi hadi mashirika ya afya, ambazo asiye na usajili hawezi kuzifikia. Na uuguzi anaokupendekezea nao una baraza lake na leseni yake, kwa shahada ya miaka 4 badala ya 5. Kwa hoja yangu mimi, mjomba na baba hawapingani kama wanavyodhani. Wote wawili wanakupeleka kwenye kazi yenye usajili, wanatofautiana wodi tu. Siku zile chache za hospitalini ndizo zitakazoamua kati yao.

Sasa tuzungumze fedha na alama, maana hoja nzuri isiyolipika haina kazi. Kwa hesabu ya A kuwa 5 na E kuwa 1, una pointi 9. Zinakuruhusu kuomba udaktari, lakini kuruhusiwa kuomba na kuchaguliwa ni vitu viwili, na kwenye vyuo vya umma vyenye nafasi chache utashindana na wenye A tatu. Usiweke udaktari peke yake kwenye maombi, wala usiuweke vyuo vile tu ambavyo kila mtu anavitaja. Vyuo binafsi vina nafasi, ila soma ada ya miaka yote mitano, si ya mwaka wa kwanza tu, na ukumbuke kwamba ukikopa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi hadi deni liishe. Bumu, yaani fedha ya mkopo, ni deni, hata kama chuoni wanalishangilia. Usipopata kabisa, kuna stashahada ya utabibu ya miaka 3. Baadhi ya watu wataona umeshuka. Mimi naona ni njia yenye akili kwa mtu kama wewe: unasajiliwa, unafanya kazi, unaijua wodi kwa macho yako, na ukiwa na GPA isiyopungua 3.0 unaweza kuomba shahada ya udaktari baadaye. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo hutolewa pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, za afya zikiwemo.

Na vile vinne unavyoogopa vitakufa? Nitakuwa mkweli kuliko marafiki zako: huenda kimoja au viwili vitakufa, na si msiba. Kozi ya afya inakula muda, na anayekuambia utaimaliza huku una karakana ya ushonaji, kipindi cha redio na ekari tano anakudanganya. Methali ya mshika mbili inakuhusu hapo. Lakini inamkataza mtu kushika mbili kwa pamoja, haimkatazi kushika ya pili akishaitua ya kwanza. Cherehani ibaki nyumbani kwa likizo. Shamba ni la baba na lipo. Kompyuta utaitumia kwenye fani yoyote, na anayeijua vizuri kuliko wenzake darasani huonekana haraka. Redio ndiyo ninayoitazamia zaidi, kwa sababu vituo vinahitaji mtu wa afya anayejua kusema na wananchi bila kuwachosha, na watu wa namna hiyo ni wachache. Unaweza kukaribishwa studio kama mtaalamu wa afya hata kama hujawahi kuwa mtangazaji.

Baba yako usimwendee kwa kumwambia "nimekataa" wala "nimekubali". Mwendee na karatasi: kozi tatu ulizozipanga kwa mpangilio, chuo, miaka, ada ya kila mwaka, na kwa kila kozi sababu moja uliyoipata hospitalini, si mdomoni mwa watu. Mzazi anayefunga mjadala mara nyingi anaogopa kwamba mtoto hajafikiri, na karatasi hiyo itamwonyesha kwamba umefikiri. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) usome mwenyewe, mstari kwa mstari, usisomewe na mtu wa stesheneri. BAM, ile hisabati ya ziada uliyoifanya, huenda ikakufungulia baadhi ya kozi za kompyuta, kwa hiyo iangalie hiyo pia kabla hujaifuta. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja utatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha, na unathibitisha kimoja tu. Usimpe mtu namba hiyo, na usiithibitishe usiku ule ule ulipopata ujumbe. Lala kwanza, asubuhi mpigie yule mganga mfawidhi, umuulize kuhusu chuo hicho hicho: wanafunzi wake wanafanyia mazoezi hospitali gani?