SOMO: USAFISHAJI WA SEHEMU ZA ALUMINI KATIKA INJINI YA GARI LA CHAMA

Gari la chama cha msingi si mali ya dereva, wala si mali ya katibu. Ni mali ya wanachama wote, kwa kuwa limenunuliwa kwa fedha zilizotokana na jasho lao. Gari hilo likiharibika wakati wa msimu, hasara humfikia hata mwanachama ambaye hajapata kuketi ndani yake, kwa maana mazao yake hulala, na chama hulazimika kukodi gari la mtu mwingine.

Katika vijiji vya Namasakata, mkoani Ruvuma, kama ilivyo katika vijiji vingine vinavyolima korosho, kazi za gari hufuata kalenda ya mkorosho. Kati ya mwezi wa Juni na Agosti mikorosho hutoa maua na hupuliziwa salfa ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Kufikia mwezi wa Oktoba korosho zinaokotwa kwa wingi na safari za ghalani zinaongezeka. Gari lililobeba mifuko ya salfa na kupita katika barabara za vumbi huingia katika msimu wa mavuno likiwa na injini iliyofunikwa kwa mafuta, vumbi na unga wa manjano. Huo ndio wakati wa kuisafisha. Lakini usafi usio na ujuzi waweza kuleta madhara makubwa kuliko uchafu wenyewe, hasa kwa sehemu zilizotengenezwa kwa alumini.

Alumini ni metali ya namna gani?

Sehemu nyingi za injini za siku hizi ni za alumini: aghalabu silinda hedi, kifuniko cha vali, gamba la altaneta, nyumba ya giaboksi na rejeta. Watengenezaji huipenda kwa sababu mbili. Kwanza, uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma. Pili, hupitisha joto upesi, na hivyo huisaidia injini kupoa.

Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Inapokutana na hewa hujifanyia ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo huilinda metali iliyo chini yake. Hapa ndipo ulipo msingi wa somo hili: kitu chochote kinachoifanya alumini ing'ae kwa ghafla kimekwisha kuivua ngozi yake, na mara nyingi kimeanza kuila metali yenyewe.

Jambo hili si geni jikoni. Sufuria ya alumini iliyopikiwa maharage yenye magadi hugeuka nyeusi kwa ndani. Sufuria inayosuguliwa kila siku kwa majivu na mchanga hung'aa, lakini baada ya miaka huwa nyembamba na hatimaye hutoboka. Sufuria ikitoboka hununuliwa nyingine. Silinda hedi ikilika pale inapokutana na gasketi, maji na mafuta huchanganyika, na injini nzima huwa hatarini.

Maadui wawili wa alumini

Metali nyingi huogopa asidi peke yake. Alumini huogopa asidi kali, na pia huogopa kinyume cha asidi, yaani vitu vya jamii ya magadi.

Katika jamii ya asidi kali imo asidi ya betri. Zimo pia baadhi ya dawa za kung'arisha alumini zinazouzwa madukani. Nyingine zina asidi iitwayo haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi ya mtu hadi kwenye mfupa, na maumivu yake huweza kuchelewa kuja. Dawa ya namna hiyo haifai kabisa kuwekwa mikononi mwa dereva wa chama. Salfa nayo isipuuzwe: ikikaa pamoja na unyevu kwa muda mrefu, sehemu yake hugeuka asidi polepole.

Katika jamii ya magadi imo soda kali, yaani kostiki, inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni. Wapo wanaoipenda kwa sababu huondoa grisi upesi. Lakini kostiki ikigusa alumini hutoa povu, na povu hilo ni gesi ya haidrojeni ambayo huwaka kwa cheche ndogo. Basi hasara ni mbili kwa mara moja: metali inalika na hatari ya moto inazaliwa. Maji ya majivu na magadi ya kupikia ni dhaifu kuliko kostiki, lakini tabia ni ile ile, yasitumiwe.

Hatari ya petroli

Kuosha injini kwa petroli ni desturi mbaya. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata wakati wa baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi ukutane na sigara, jiko au cheche ya betri. Mafuta ya taa ni afadhali kidogo, kwani mvuke wake huanza kuwa hatari kwenye joto la nyuzi 38 hivi. Hata hivyo, injini iliyotoka safari, au bati lililokaa juani, hupita joto hilo kwa urahisi. Kwa hiyo mafuta ya taa yatumike kwa uchache, kivulini, mahali penye hewa, juu ya injini iliyopoa kabisa. Unga wa salfa nao huwaka, na moshi wake hukaba pumzi. Ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu, usipeperushwe kwa upepo wa pampu.

Hatua za kufuata

1. Injini iachwe ipoe hadi mkono uweze kutulia juu yake. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata joto. Maji baridi yakiimwagikia ghafla yaweza kuipinda au kuipasua. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe wakati wa moto.

2. Waya wa betri wa upande wa hasi ufunguliwe kwanza, na wakati wa kurudisha ufungwe mwisho. Kwa njia hii spana ikigusa bodi haitatoa cheche.

3. Altaneta, mdomo wa chujio la hewa, sanduku la fyuzi na kompyuta ya injini, kama ipo, vifunikwe kwa nailoni.

4. Vumbi na salfa vifutwe kwanza. Kisha sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo ichanganywe na maji ya uvuguvugu, na sehemu za alumini zisuguliwe kwa brashi laini ya nailoni. Mswaki wa zamani hufaa sana kwenye pembe. Steeliwaya na msasa visitumike, kwani hukwaruza, na chembe za chuma zinazobaki huanzisha kutu.

5. Grisi iliyoganda ipakwe mafuta ya taa kidogo kwa brashi, ifutwe kwa tambara, kisha ioshwe tena kwa sabuni.

6. Penye unga mweupe, ambao ndio kutu ya alumini, paweza kufutwa kwa siki iliyozimuliwa kwa maji mengi, kwa dakika chache tu, na kusuuzwa vizuri. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Penye vishimo aitwe fundi.

7. Rejeta isuuzwe kwa maji yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Maji ya nguvu hulaza mapezi yake.

8. Baada ya kukausha kwa kitambaa, nailoni zote ziondolewe, betri ifungwe, na injini iwashwe ili joto lake limalizie unyevu.

Kazi hii ifanyike mbali na kisima na mto. Matambara yenye mafuta yasiachwe ovyo, na mafuta ya taa yasihifadhiwe katika chupa za soda, kwani watoto hudanganyika. Mtoto akiyanywa asitapishwe. Apelekwe zahanati mara moja. Asidi au kostiki ikimwingia mtu jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 20, kisha aende kwa mganga.

Wajibu wa katibu

Katibu hana haja ya kuwa fundi, lakini anapaswa kujua fedha za wanachama zinanunua nini. Kabla ya kuidhinisha dawa yoyote ya kusafishia, asome maandishi ya chupa; isiyo na maandishi isinunuliwe. Kila usafishaji uandikwe katika daftari la gari: tarehe, vitu vilivyotumika, aliyefanya kazi, na kasoro zilizoonekana. Injini safi huonyesha mahali panapovuja mafuta, na uvujaji uliogunduliwa mwezi wa Septemba hugharimu pungufu kuliko gari lililokwama Novemba likiwa na shehena ya korosho.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini alumini inayong'aa ghafla si lazima iwe imetunzwa?
2. Taja vitu vitatu vilivyomo majumbani ambavyo visitumike juu ya alumini, na sababu ya kila kimoja.
3. Dereva wa chama amenunua kostiki na petroli ili amalize kazi kwa saa moja. Kamati imweleze nini?
4. Je, chama chenu kina daftari la gari? Likaguliwe lini, na nani?