Mfungwa wa Vita na Ahali Zake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: fahamu, ewe msomaji, ya kuwa mtu ashikwapo vitani, kifungo hakiufungi mwili wake peke yake. Huufunga na moyo wake, na moyo wa mkewe, na wa wazee na watoto. Watu wa Keko wanalo gereza mtaani mwao, nao waijua dhiki ya mtu aliyefungiwa jamaa yake. Lakini aliyehukumiwa na kadhi au hakimu huhesabu siku zake. Mfungwa wa vita hana la kuhesabu, kwani hakuna ajuaye vita vitakwisha lini. Kutojua huku ndiko kumlako mtu: usingizi humtoka, ghadhabu humkaribia, na hata akifunguliwa huweza kukaa nyumbani kwake kama mgeni.

Mfano u karibu. Sayyid Khalid bin Barghash, baada ya vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896, vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, alikimbilia kwa Wadachi, kisha akakaa Dar es Salaam miaka mingi. Katika vita vya 1914 hata 1918 Waingereza wakamshika, wakampeleka Shelisheli na Saint Helena. Mwisho akaruhusiwa kurudi pwani, akafariki Mombasa mwaka 1927, si Unguja kwa baba zake. Na vita vilipozuka tena Septemba 1939, Wadachi wa Tanganyika nao wakashikwa, wake na watoto wao wakabaki nyuma. Basi msiba huu hauchagui kabila.

Wala huzuni si upungufu wa imani. Nabii Yakub aliingia weupe machoni kwa kumlilia Yusuf, naye ni Nabii. Subira si kuacha kulia. Subira ni kutomnung'unikia Mola. Na Sura ya Al-Insan, aya ya 8, imemtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima katika wanaostahiki kulishwa. Mateka wa Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, walikuwa kama 70, na Mtume aliusia watendewe wema. Hata mmoja wao alisimulia kuwa Maansari walimpa yeye mkate, wao wakala tende.

Mas'ala: Je, mke wa mfungwa aweza kuolewa? Jawabu: Mfungwa ajulikanaye kuwa yu hai, nikahi yake imesimama, na matumizi ya mke hutoka katika mali ya mume. Ikithubutu kuwa mume hana kitu, mke ana haki kwenda kwa kadhi kutaka nikahi ivunjwe. Ama aliyekatikiwa na khabari zake zote, kauli mpya ya Imamu Shafii ni kuwa mke hangoji miaka kisha akaolewa, bali hungoja hata iyakinike mauti au talaka. Na kauli yake ya kale ni miaka minne, kisha eda ya kufiwa. Mali yake nayo hairithiwi kwa dhana.

Tazama basi uzito aubebao mwanamke huyu: si mjane akaliwa eda, wala hana mume akapumzika. Kwa hiyo ni juu ya jirani mambo matatu: asipeleke nyumba ile uvumi asiouhakiki, asiache watoto wale wakalala na njaa wala wakakosa chuo, na mfungwa arudipo, asimhoji yaliyompata mpaka aseme mwenyewe.

Wallahu aalam.